Wikendi ya giza Florida

Barabara kuu ya US 1 ikishaimaliza bara ya Florida haikomi. Inaingia baharini na kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, daraja baada ya daraja, mpaka inapofia mjini Key West. Mwezi Februari hufurika magari ya watu wanaokimbia theluji ya kaskazini, wanaofuata jua, samaki na vinywaji vya ufukweni. Lakini kila mwaka, wiki ambayo mwezi unakaribia kuandama, miongoni mwa magari hayo huwamo machache yenye mizigo ya ajabu: mitungi mirefu minene kama mapipa ya maji, vioo vizito vilivyoviringishwa mablanketi, ngazi za kupandia, betri za gari zisizo na gari. Wenye magari hayo hawafiki Key West. Wakishavuka Daraja la Maili Saba na kisiwa cha Bahia Honda, hukata kona Scout Key, kisiwa chembamba, na kuingia katika kambi ya maskauti wa kike iitwayo Wesumkee. Wenzao wamefuata jua. Wao wamefuata giza.

Mkusanyiko huo ni Winter Star Party, na huandaliwa na Southern Cross Astronomical Society, chama cha wapenda nyota cha Miami kilichoanzishwa 1922. Aliyeubuni, miaka ya 1980, ni mwanachama mmoja aitwaye Tippy D'Auria. Hudumu karibu wiki nzima, ila wenye kazi za ofisini hufika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, kwa hiyo wikendi ndipo kambi inapojaa. Wengi wao ni watazamaji wa ridhaa: walimu, mafundi umeme, madaktari wa meno, wastaafu. Hawalipwi kwa kutazama nyota. Wao ndio wanaolipa.

Kalenda yao mvuvi wa dagaa angeielewa bila kuelezwa. Mvuvi wa dagaa hutoka na taa zake siku za giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Mtazama nyota naye mbalamwezi ndiyo adui yake wa kwanza. Mwezi mpevu unafuta nyota hafifu zote, unafuta Njia ya Maziwa, unafuta kila kitu kilichomfanya aendeshe gari kutwa nzima. Kwa hiyo tarehe za mkutano hazipangwi kwa sikukuu wala kwa likizo za shule. Zinapangwa kwa mwezi.

Kwa nini visiwani, na kwa nini majira ya baridi? Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Florida ya kiangazi ni mvua za radi kila alasiri, joto la kunata na mbu wasio na huruma. Februari ni msimu mkavu, mbu wamepungua, na usiku mtu anatosheka na koti jepesi, wakati ndugu zake wa Michigan wanaotazama anga wakiwa uani kwao vidole vimekufa ganzi. Sababu ya pili ni hewa yenyewe kutulia. Upepo unaopita juu ya bahari yenye joto la wastani, bila milima wala majengo ya kuuvuruga, unateleza taratibu, na nyota hazimetimeti sana. Kumeta kwa nyota ni kuzuri kwa mshairi. Kwa mwenye darubini ni balaa, kwani ndiko kunakoifanya Mshtarii itetemeke kana kwamba iko chini ya maji. Usiku mzuri visiwani, mistari ya mawingu ya sayari hiyo huonekana imekatwa kwa wembe.

Sababu ya tatu, na ndiyo iliyokipa chama jina lake, ni kusini. Scout Key iko latitudo ya digrii 24 na nusu hivi kaskazini mwa ikweta. Ukiacha Hawaii na himaya zake za mbali, Marekani haina nchi kavu iliyo kusini zaidi ya visiwa hivi. Mbele ya kambi ni bahari tupu mpaka Cuba. Mtu akisimama ufukweni akatazama kusini, hakuna mji wa kumchafulia anga, na upeo wa macho umenyooka kama rula. Hapo, kwa saa chache za usiku wa manane, Salibu, lile kundinyota la msalaba liitwalo Southern Cross kwa Kiingereza, linachungulia. Nyota yake ya juu inapanda digrii nane tu kutoka kwenye maji, na ya chini mbili. Nyosha mkono, kunja ngumi, iweke juu ya upeo wa bahari: msalaba mzima umejificha nyuma ya ngumi yako. Ndicho watu wanachosafiria kilomita elfu mbili kukiona.

Kambini, ratiba ya siku iko kichwa chini miguu juu. Asubuhi ni usiku wao. Ukipita saa tatu asubuhi utakuta mahema yamefungwa, darubini zimefunikwa shuka nyeupe za plastiki zenye kung'aa ili jua lisipashe vioo, na mtu mmoja mmoja anakoroga kahawa bila kusema neno. Mchana kuna mihadhara, kuna biashara ya vifaa vilivyotumika, na kuna wale wasiotosheka ambao hata jua hawaliachi lipite. Hufunga vichujio maalumu mbele ya darubini na kutazama ndimi za gesi zinazoruka pembezoni mwake.

Jua linapokaribia kuzama ndipo kazi inapoanza, na ni kazi kweli. Chukua darubini ya kawaida ya hapo, yenye kioo cha sentimita 25. Mboni ya jicho la binadamu gizani hufunguka kama milimita saba, kwa hiyo kioo hicho kinakusanya mwanga zaidi ya mara elfu moja kuliko jicho tupu. Lakini kimesafiri kutwa kikitikiswa, na kioo kikubwa cha chini hakitazamani tena sawasawa na kile kidogo cha juu. Mwenyewe anachungulia kwenye tundu, anazungusha skrubu tatu za nyuma robo kwa robo, anachungulia tena. Ikishanyooka, lazima asubiri kioo kipoe mpaka kilingane na hewa ya nje, maana kioo chenye joto huzusha mikondo ya hewa isiyoonekana inayokoroga picha. Kisha kuna umande. Visiwani umande huanguka kama mvua iliyosahau kelele, na chumvi ya bahari imo ndani yake. Usishangae kusikia, katikati ya giza, mlio wa kikaushia nywele kinachotumia betri ya gari. Kuna mtu anakausha lenzi.

Halafu taa. Hapa ndipo mkutano huu unapotofautiana na kambi nyingine yoyote ya likizo, na kwa maoni yangu ndipo ulipo moyo wake. Baada ya kiza kuingia taa nyeupe ni marufuku. Si tochi, si skrini ya simu, si taa ya ndani ya gari inayowaka ukifungua mlango. Watu hubandika karatasi nyekundu kwenye skrini za kompyuta zao, huziba vitaa vya friji za kwenye karavani, na asiyeweza kuzima taa za gari lake hasogezi gari mpaka kuche. Tochi zinazoruhusiwa ni nyekundu, tena hafifu. Si ushirikina. Jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, kwa sababu kemikali inayolifanya lione usiku hujitengeneza polepole na huvunjika papo hapo ikipigwa na mwanga mweupe. Mwanga mwekundu hauiathiri sana. Mtu mmoja akiwasha taa ya simu kutafuta kiatu, amewanyang'anya majirani wote nusu saa ya usiku wao, na atasikia kelele kutoka kila upande, wala hazitakuwa za heshima.

Fikiria basi. Mamia ya watu wasiojuana, wamekaa pamoja usiku kucha kwenye kipande cha ardhi chembamba, na kinachowaunganisha ni ahadi ya kutowasha taa. Darubini unaweza kununua na ukaiweka uani kwako. Giza haliuzwi. Linapatikana tu pale watu wengi wanapokubaliana, na ndiyo maana mtu mwenye darubini ya bei mbaya kuliko gari lake bado anaendesha siku nzima kwenda kukaa na wenzake.

Saa mbili usiku kundinyota la Jabari liko juu sana, mshipi wake wa nyota tatu umelala, na chini ya mshipi kuna nebula ambayo hata darubini ya mtoto inaionyesha: wingu la gesi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, ambamo nyota zinazaliwa. Kila mkutano wa namna hii huanzia hapo, na wakongwe hawaoni haya kuirudia. Kilimia nacho kiko magharibi kidogo. Saa tatu, Suheli inafika kilele chake kusini, digrii 12 au 13 juu ya maji. Kwa mgeni kutoka Chicago hiyo peke yake ni habari ya kuandika nyumbani, kwa sababu kwao Suheli haichomozi kamwe, mwaka mzima, japo ni nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku.

Baada ya hapo wavivu hulala. Wanaobaki wanajua wanachongoja. Saa saba na nusu hivi, chini kabisa upande wa kusini, inapita nebula ya Carina, na ndani yake nyota iitwayo Eta Carinae, ambayo mwaka 1843 ililipuka bila kufa ikawa kwa muda miongoni mwa nyota angavu kuliko zote. Karibu saa tisa usiku Salibu inasimama wima juu ya bahari, na hapo kambi nzima hugeukia upande mmoja, wengine bila darubini yoyote, mikono mfukoni. Na saa kumi, mashariki kidogo ya hapo na juu zaidi, inafika zamu ya Omega Centauri.

Hii inahitaji tuikalie kidogo. Kwa jicho tupu Omega Centauri ni nyota yenye ukungu, na Ptolemy wa Aleksandria aliiorodhesha kama nyota. Edmond Halley, akiwa kijana kwenye kisiwa cha St Helena mwaka 1677, ndiye aliyeandika kwamba si nyota ya kawaida. Kwenye darubini ya sentimita 25 unaanza kuona mviringo mkubwa wa kijivu unaojaza lenzi nzima. Usiondoe jicho. Tulia, pumua, tazama pembeni kidogo mwa unachotaka kukiona, maana sehemu ya jicho inayoona gizani haiko katikati. Kisha ule ukungu unaanza kupasuka kuwa punje. Kumi, mia, halafu huwezi kuhesabu tena, na kila punje ni jua. Ni fungunyota la nyota takriban milioni kumi, umbali wa miaka ya nuru elfu 17 hivi. Kwenye mstari wa kungojea zamu ya kuchungulia, wageni hujulikana kwa jambo moja: wakifika kwenye lenzi wananyamaza, na mwenye darubini, aliyeiona mara nyingi sana, anatabasamu gizani bila kuonekana.

Hao wenye darubini kubwa za kuchungulia kwa jicho wanamshukuru mtu mmoja zaidi ya wote. John Dobson alizaliwa Beijing mwaka 1915, akasomea kemia, akawa mtawa wa Kivedanta San Francisco, na huko monasterini akaanza kusaga vioo kwa siri kutoka kwenye vioo vya madirisha ya meli kuukuu. Mwili wa darubini aliutengeneza kwa bomba la karatasi ngumu, lile linalotumika kumiminia nguzo za zege. Kitako chake kilikuwa sanduku la mbao linalozunguka. Baada ya kuondoka utawani alikuwa akiziweka darubini zake barabarani na kuwaita wapita njia waje kuona mwezi. Alifariki 2014, na muundo wake sasa uko kila mahali, kwa sababu fundi seremala yeyote anaweza kuujenga.

Kuna mgawanyiko kambini, na haufichiki. Upande mmoja wako watazamaji wa jicho. Upande mwingine wako wapiga picha, ambao kamera zao hukusanya mwanga kwa saa nzima huku wenyewe wamekaa hemani wakiangalia skrini nyekundu. Siku hizi wameongezeka pia wenye vidarubini vya kisasa vinavyojitafutia nyota vyenyewe na kutuma picha kwenye simu. Mimi siwagombezi, picha zao zina rangi ambazo jicho halitaziona milele. Ila nikipewa nafasi ya kuchagua foleni, nitasimama kwenye ile ya ngazi na kioo, kwa sababu mwanga unaoingia machoni mwangu hapo ndio ule ule uliotoka huko.

Watu wa ridhaa wana faida nyingine ambayo wataalamu wanaikubali wazi. Darubini kubwa za dunia hupangiwa usiku miezi mingi mapema, na nyingine ni kali mno kwa nyota angavu. Mwisho wa mwaka 2019 ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari, Betelgeuse, ilianza kufifia kuliko ilivyozoeleka. Watazamaji wa nchi nyingi, wengine kwa macho tu, waliilinganisha na nyota jirani usiku baada ya usiku na kupeleka makadirio yao kwa AAVSO, jumuiya ya Marekani inayofuatilia nyota zinazobadilika tangu 1911. Februari 2020, wiki zile zile za mikutano ya majira ya baridi, ilifikia kina cha chini kabisa. Mwaka uliofuata wanaastronomia waliotumia darubini kubwa ya Chile walieleza kwamba nyota hiyo ilikuwa imetapika gesi iliyopoa ikawa vumbi, na vumbi ndilo lililotukinga tusiione vizuri.

Giza lenyewe halina uhakika. Mashariki ya kambi kuna mwanga wa mji wa Marathon, magharibi wa Key West. Septemba 2017 Kimbunga Irma kilitua Cudjoe Key, visiwa vichache tu kutoka hapo, na kuwakumbusha wote kwamba ardhi hii iko mita chache tu juu ya bahari. Na juu kuna jambo jipya: Mei 2019, kutoka Cape Canaveral kwenye jimbo hilo hilo la Florida, zilirushwa setilaiti 60 za kwanza za Starlink, na tangu hapo zimefuata maelfu. Baada ya machweo na kabla ya mapambazuko hupita kama shanga kwenye uzi. Wapiga picha huzifuta kwa programu. Wenye jicho hawana cha kufuta. 

Msomaji wa Dar es Salaam au Mtwara aliyefika hapa bila shaka ameshaanza kucheka. Salibu? Ile ile? Ndiyo, ile ile. Katikati ya Mei, saa tatu usiku na dakika zake, iko juu ya Dar kwa zaidi ya digrii 33, ngumi tatu na kitu badala ya nyuma ya ngumi moja. Saa moja baadaye Omega Centauri iko zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Juni masika yakishaisha hata kukesha hakuna, jua likizama tu iko tayari, na darubini ndogo ya mikono miwili, ya kutazamia wanyama mbugani, inatosha kuonyesha kwamba si nyota. Ikifika Julai, kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu na utosi. Mtazamaji wa Scout Key angetoa mengi kupata usiku mmoja wa kipupwe huko Ruaha.

Anga tunalo, na tukiamua tunalifuata. Septemba 1, 2016, jua lilipofunikwa katikati na kubaki pete, umati uliokwenda Rujewa, wilayani Mbarali, haukulazimishwa na mtu. Kenya, Susan Murabana na Chu Owen, waanzilishi wa The Travelling Telescope, wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni tangu 2014 na kuwapeleka watu Samburu kulala nje chini ya nyota. Kinachokosekana kwetu ni ile wikendi yenye tarehe inayojulikana, iliyopangwa kwa mwezi, mahali ambapo kila mmoja amekubali kuzima taa. Umeme ukikatika mjini tunapata anga kwa dakika mbili, kisha jirani anawasha jenereta.

Na Mwafrika wa Mashariki atakayejaliwa kufika Wesumkee asipoteze saa tisa usiku kwa Salibu. Wakati kambi nzima imegeukia baharini, yeye ageuke kinyume. Nyuma ya mahema, digrii 24 juu ya upeo, imetulia Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar haichomozi hata siku moja. Juu yake zaidi liko kundinyota la Dubu Mkubwa, na ndani yake galaksi mbili jirani, M81 na M82, umbali wa miaka ya nuru milioni 12, ambazo kwetu huishia kwenye moshi wa upeo wa kaskazini. Darubini za upande huo saa hiyo hazina foleni, na wenyewe watafurahi kupata mteja.